Mzigo Kutoka kwa Chitambo

David Livingstone alizikwa kwa maneno zaidi ya miaka sita kabla hajafa. Desemba 1866, watu wa Nzwani waliokuwa katika msafara wake, wakiongozwa na mmoja aitwaye Musa, walifika Unguja na kumweleza balozi wa Uingereza kwamba Bwana Daktari ameuawa na wapiganaji wa Mazitu ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Musa alijua kusimulia. Alieleza shoka lilivyoshuka shingoni, wao walivyojificha porini, na walivyorudi baadaye kuchimba kaburi fupi na kumfukia. Magazeti ya London yaliandika tanzia. Mwaka uliofuata Edward Young alitumwa kupanda mto Shire kwa mashua kwenda kuulizia, na kila kijiji alichofika kilimjibu kwamba mzungu huyo alipita akiwa mzima. Musa na wenzake walikuwa wamemtoroka kwa kuwaogopa Mazitu, na bila maiti ya kusingizia wasingepata mshahara wao.

Uongo wa Musa ndio mlango ninaotaka tuingilie katika kisa hiki. Wasimuliaji wengi huanzia kwenye kibanda alimofia Livingstone katika kijiji cha chifu Chitambo, mzee akiwa amepiga magoti, na kutoka hapo kila kitu kinakuwa mapenzi ya watumishi kwa bwana wao. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini watu waliombeba Livingstone kutoka kusini ya Ziwa Bangweulu hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, walikuwa watu wazima wenye akili zao, na walikumbuka kwamba mtu mmoja alishawahi kwenda pwani na habari ya kifo mkononi bila ya maiti.

Tuwataje. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye ukingo wa Zambezi katika Msumbiji ya leo. Huko ndiko alikozikwa Mary, mke wa Livingstone, chini ya mbuyu, Aprili 1862. Kwa hiyo Susi alilijua kaburi la mke miaka mingi kabla ya kulazimika kufikiria la mume. James Chuma alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, na mwaka 1861 Livingstone pamoja na wamisionari waliokuwa naye waliwakuta mateka wa msafara ule kwenye nyanda za Shire, wakawafungua kongwa. Mwaka 1864 wote wawili walipanda kijimeli cha Lady Nyassa pamoja na Daktari, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Bombay. Chuma alisomeshwa kidogo huko, akabatizwa. Mwaka 1866 walirudi naye bara kupitia mto Ruvuma, na mwisho wake uliwakuta bado wako naye. Kufikia wakati huo walikuwa wamebaki watano tu kati ya walioanza naye safari ile. Wengine, wakiwamo vijana waliosoma Nasik huko India kama Jacob Wainwright, Matthew Wellington na Carus Farrar, waliletwa na msafara aliouandaa mwandishi wa habari Stanley mwaka 1872.

Safari ya 1866 iliwafundisha hesabu ya vifo mapema. Juni mwaka ule, karibu na Ruvuma, walimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji wakawaeleza kwamba alishindwa kufuatana na wenzake, na mwenye mali hakutaka mwingine amwokote na kumfanya wake akipata nafuu. Siku zilizofuata wakaona wengine: mmoja amepigwa risasi, mmoja amekufa njaa, kundi zima limeachwa na kongwa shingoni kwa sababu bwana wao hakuwa na chakula cha kuwapa. Chuma alikuwa na kumbukumbu yake ya kongwa. Hakuna aliyeandika alichosema alipopita hapo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1868, Livingstone akielekea Bangweulu, alipita penye kaburi msituni. Lilikuwa kaburi la kawaida la watu wa huko, limenyunyiziwa unga, na juu yake zimewekwa shanga kubwa za buluu. Njia ndogo ilionyesha kwamba bado lina wageni. Alisimama, kisha usiku akaandika katika shajara yake kwamba kaburi la namna hiyo ndilo angelitaka yeye: alale katika msitu uliotulia, pasiwe na mkono wa kuigusa mifupa yake tena. Makaburi ya kwao Uingereza aliyaona ya huzuni, hasa yale ya udongo wa baridi na unyevunyevu, watu wamebanana hata nafasi ya kiwiko hakuna. Akamkumbuka Mary aliyelala peke yake Shupanga. Maneno hayo yalikuwamo katika daftari, na daftari lilikuwamo katika sanduku la bati. Waliokuja kulibeba sanduku lile walilibeba bila kuusoma ukurasa ule.

Mwaka 1873 mvua zilikuwa mbaya. Livingstone alikuwa akitafuta chimbuko la mto Nile mahali ambapo halipo, vipimo vyake vimeharibika, na nchi yote ya kusini mwa Bangweulu imegeuka maji. Alivuja damu kila siku na alijua maana yake, maana alikuwa tabibu. Susi na wenzake walimbeba mabegani kwa zamu kuvuka vijito, maji yakiwafika vifuani na mara nyingine mdomoni. Tarehe 19 Machi alitimiza miaka 60. Mwishoni mwa Aprili hakuweza tena kupanda punda, wakamtengenezea machela ya miti na majani, blanketi juu. Katika kijiji kimoja kabla ya kuvuka mto hakuweza kutembea hata hatua za kufika mlangoni, ikabidi wavunje ukuta wa kibanda ili machela iingizwe hadi penye kitanda chake.

Tarehe 29 walifika kwa Chitambo, katika nchi ya Ilala. Watu walikuwa mashambani wakilinda mtama usiliwe na ndege, hivyo vibanda vilikuwa vitupu. Wakamjengea chake, wakainua kitanda chake kwa matete na nyasi, wakapanga masanduku badala ya meza. Mtoto aitwaye Majwara akapewa kazi ya kulala mlangoni. Kesho yake Chitambo alikuja kumwamkia mgeni, akaambiwa aje tena kesho, pengine atakuwa na nguvu za kuzungumza.

Usiku ule, kama saa tano, Livingstone alimwita Susi. Kwa mbali zilisikika kelele, akauliza kama ni watu wao. Susi akamjibu kwamba ni wanakijiji wanafukuza nyati shambani. Kisha, kwa Kiswahili, Daktari akauliza ni siku ngapi kwenda mto Luapula. Susi akasema anadhani ni siku tatu. Mgonjwa akaguna kwa maumivu, akasinzia. Baadaye alimwita tena, akaomba maji ya moto na sanduku la dawa, akachagua dawa yake kwa shida kwa kuwa macho hayakuona vizuri, akamwambia basi, unaweza kwenda. Swali la siku ngapi linanikaa kichwani kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya ucha Mungu wake. Mtu amebakiwa na saa chache, na bado anapima njia.

Karibu na alfajiri Majwara alikwenda kumwamsha Susi, akisema hajui kama Bwana yu hai. Wakaingia watano au sita. Mshumaa ulikuwa unawaka. Livingstone alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso ndani ya viganja juu ya mto. Walisubiri kidogo, wakidhani anasali. Mmoja akamgusa shavu, likawa la baridi.

Wakaitana nje, wakakaa kuzunguka moto kungoja mapambazuko. Wangemzika pale pale na hakuna ambaye angewalaumu. Nusu yao wangeweza kutawanyika na mizigo. Na desturi ya Susi mwenyewe, kama Mwislamu, ilidai maiti izikwe upesi, siku ile ile ikiwezekana. Walichokiona mbele yao kilikuwa kigumu kwa namna nyingine. Kufa katika nchi ya watu kulikuwa na gharama zake. Mwenye mji angeweza kudai faini kubwa, na watu wengi waliamini kwamba msafara wenye maiti unatembea na balaa. Hata hivyo, kulipokucha, masanduku yakafunguliwa mbele ya wote na Jacob Wainwright akaandika kila kilichokuwamo, ili mtu asije akasema baadaye kwamba kitu kimepotea. Wenzao wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wakongwe wa safari na taabu, basi wawe wakubwa, na watakalosema litafuatwa. Likaamuliwa: atakwenda pwani.

Kwanza walijaribu kuficha. Wakaomba kwa Chitambo ruhusa ya kujenga nje ya kijiji, kwa kisingizio cha nafasi. Siri haikudumu hata kidogo, na Chitambo alipowajia, alikuja kwa malalamiko ya mtu aliyeonewa urafiki. Mbona hamkuniambia kweli? Alisema yeye mwenyewe amewahi kufika pwani zaidi ya mara moja, kabla Mazitu hawajaiharibu njia, na anajua watu hawa hawakuja kwa ubaya, na kwamba wasafiri hufa safarini. Akawashauri wamzike. Walipokataa, hakubishana. Kesho yake alikuja na wakeze na watu wake wenye pinde na mikuki, amevaa kitambaa kipana chekundu begani. Ngoma zikapigwa, bunduki zikafyatuliwa, na mlizi maalumu akacheza akiimba, njuga za mbegu kavu zikilia miguuni. Kabla ya kuitwa shujaa wa dola ya Uingereza, Livingstone alikaliwa matanga ya Kiafrika yaliyokamilika, na mwenye matanga alikuwa mtu aliyemwona mara moja tu, kwa dakika chache.

Ndani ya boma jipya walijenga kibanda kisicho na paa. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona maiti zikipasuliwa, ndiye aliyeshika kisu, akisaidiwa na Carus Farrar. Wenzao waliwazungushia blanketi. Kwa tundu dogo wakatoa moyo na matumbo, na ndani wakakuta pande la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu. Susi alikuwa amenunua chumvi kwa nyuzi 16 za shanga. Wakaijaza ndani ya mwili. Mdomoni na nyweleni wakapaka brandi. Viungo vya ndani wakavitia katika debe la bati, wakalifukia chini ya mti mkubwa wa mpundu, na Jacob akasoma sala za maziko kwa Kiingereza mbele ya wote, Waislamu, Wakristo na wasio wa dini hizo mbili. Kwa siku 14 maiti ilianikwa juani, ikigeuzwa mara moja kila siku. Kisha wakaifunga kaniki na merikani, wakaikunja miguu magotini kupunguza urefu, wakachuna gome la mti mzima likawa kama kilindo, wakamwingiza humo, wakashona tanga juu yake na kulifunga kwenye mti wa kubebea watu wawili.

Jacob akachonga jina na tarehe kwenye shina la mpundu. Chitambo akaahidi kuweka nyasi mbali ili moto wa porini usiuguse. Wakamwachia bati la biskuti na magazeti, awe na ushahidi siku wazungu wengine watakapokuja kuuliza. Kila mmoja, naona, alikuwa akijiandalia ushahidi.

Walipoondoka, mwezi wa Mei ukielekea mwisho, walikuwa kama watu 60, wanaume, wanawake na watoto. Siku ya tatu nusu yao walishindwa kusimama. Wanawake wawili, Kaniki na Bahati, wakafa. Susi mwenyewe aliugua hadi msafara ukasimama kama mwezi mzima. Kaniki na Bahati walizikwa pale walipofia, na safari ilipoanza tena mzigo uliobebwa ulikuwa mmoja ule ule.

Ningependa msomaji asipite hapa haraka. Kulikuwa na kifo kilichokaushwa, kikafungwa, kikalindwa usiku kwa zamu. Na kulikuwa na vifo vya kila siku, vilivyochimbiwa shimo na kuachwa. Waliokuwa wakibeba kifo cha kwanza walikuwa ndio jamaa wa vifo vya pili. Sidhani waliona ajabu. Mpagazi wa karne ile aliishi akijua kwamba anaweza kulala njiani wakati wowote, kwa ndui, kuhara, homa au mshale, na alikwenda hivyo hivyo, akiimba, akigombania posho, akioa njiani. Lakini Daktari alikuwa na watu ng'ambo watakaouliza yuko wapi. Kifo chake kilikuwa na wadai. Mwanamke wa Ruvuma aliyefungwa mtini alikuwa naye na wadai, kijiji fulani, mama fulani, ila hawakuwa na njia ya kufikisha dai lao.

Msafara ulizunguka Bangweulu upande wa magharibi, ukavuka Luapula, mto ambao Chuma alisema upana wake ni kama mara mbili ya Zambezi ya Shupanga. Siku tatu alizokisia Susi zilikuwa zimegeuka wiki kadhaa. Ng'ambo ya mto simba alimla punda wa Daktari. Kwa Chawende walikataliwa kuingia mjini, pombe ikiwa imeshapanda vichwani mwa wenyeji, ugomvi ukazuka, mishale ikarushwa, risasi zikajibu, watu wa mji wakafa. Msafara ukakaa humo siku kadhaa ukila vya wenyewe. Jambo hili halipambwi katika vitabu vya watoto, na halina sababu ya kupambwa: watu waliouawa kwa Chawende waliuawa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa.

Wakati huohuo, pwani, mambo yalikuwa yakigeuka bila wao kujua. Tarehe 5 Juni 1873, maiti ikiwa bado katika nchi ya Bangweulu, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Barua za Livingstone juu ya mauaji aliyoyaona Nyangwe mwaka 1871 zilichangia kuwashinikiza Waingereza hadi wakamshinikiza Sultani. Mwenye barua alikosa habari hiyo kwa muda wa wiki tano.

Oktoba, wakikaribia Unyanyembe, walisikia kwamba kuna wazungu huko waliokuja kumtafuta Daktari. Chuma alitangulia na barua ya Jacob. Tarehe 20 alimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, homa imemlaza, macho hayaoni vizuri. Cameron aliwaza kama ambavyo angewaza mtu yeyote mwenye busara: njia ya mbele ni ya hatari, Wagogo ni wakali kwa mambo ya uchawi, mwenyewe marehemu aliipenda bara. Kwa nini wasimzike hapa? Wakamkatalia. Alikuwa afisa wa jeshi la majini la Malkia, nao wapagazi na watumishi wa nyumbani, na walimkatalia kwa adabu na kwa msimamo mmoja. Huwa najiuliza kama wangelisoma ukurasa wa tarehe 25 Juni 1868 wangefanya nini. Pengine yale yale. Aliyekufa anaweza kutaka msitu uliotulia, lakini kaburi linachimbwa na walio hai, kwa haja za walio hai, na haja ya watu hawa ilikuwa kusimama Unguja na kusema: huyu hapa.

Cameron akaendelea magharibi kwa safari zake. Wenzake wawili, Murphy na Dillon, wakageuka kwenda pwani pamoja na msafara. Dillon, tabibu, alikuwa mgonjwa kiasi cha kupotewa na akili, na walipofika Kasekera, Novemba, akajipiga risasi. Akazikwa hapo.

Kasekera ndipo palipotaka kuharibu kazi ya miezi sita. Wenyeji walisema maiti haitapita katika nchi yao. Susi, Chuma na wenzao wakakaa faraghani, na walichokipanga kinastahili kutazamwa kwa karibu. Walitangaza kwamba wamekubali, maiti itarudishwa Unyanyembe izikwe huko. Usiku wakaitoa katika kilindo, wakaifunga upya kwa vitambaa hadi ikawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Halafu wakakusanya mabua ya mtama, wakayakata na kuyafunga fungu la urefu wa mtu, wakaliviringishia nguo vizuri, sanda na kamba mahali pake. Karatasi ikakunjwa kama barua, ikabanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa kama wafanyavyo matarishi. Watu sita wakaagizwa, wakalibeba fungu lile kwa nyuso za msiba, wakaondoka kuelekea magharibi mbele ya macho ya kijiji kizima. Walipoingia porini wakalifungua, wakatupa bua moja hapa na moja kule ili lisionekane rundo, nguo wakazificha, na wakarudi mmoja mmoja kwa njia za panya kuungana na wenzao. Kasekera ikaridhika. Mtumba wa nguo ukapita.

Toka hapo hadi pwani njia haikuwa na vikwazo vikubwa, isipokuwa siku moja. Mtoto wa kike wa miaka kama 10, aitwaye Losi, alikuwa akitembea katika mstari na mtungi wa maji kichwani. Nyoka akakatiza njia, akamgonga pajani, akaingia shimoni. Dakika kumi baadaye Losi alikuwa amekufa.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipokea maiti, na meli ya kivita Vulture ikaja kutoka Unguja na kaimu balozi, Kapteni Prideaux. Akashukuru, akauchukua mzigo. Watu waliotembea miezi tisa wakaambiwa kazi imekwisha, wakalipwa ujira, wakatawanyika. Susi na Chuma hawakupewa nafasi melini. Aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza ni Jacob Wainwright, na nauli yake ililipwa na chama cha misioni cha CMS.

Uongo wa Musa uliusubiri mzigo ule huko nako. Jeneza lilipofika London usiku wa tarehe 15 Aprili 1874 walikuwapo waliotia shaka: gome, nguo na mifupa iliyokauka kutoka Afrika yaweza kuwa ya mtu yeyote. Daktari mpasuaji, Sir William Fergusson, aliufunua mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimkamata Livingstone begani na kuuvunja mfupa wa juu wa mkono, ukaunga vibaya, ukaacha kiungo cha uongo mahali pasipo kiungo. Fergusson alikuwa ameuchunguza mkono huo mwenye nao alipokuwa hai. Akaupapasa, akaukuta. Ushahidi uliobebwa kutoka Ilala ulikuwa umefika mzima.

Tarehe 18 alizikwa Westminster Abbey, katikati ya kanisa, kati ya watu wakubwa wa taifa, wamebanana hasa kama alivyolalamika. Stanley alikuwa miongoni mwa walioshika kitambaa cha jeneza, na Jacob naye. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu, kwa nchi kavu na bahari. Halisemi mikono ya nani.

Susi na Chuma waliletwa Uingereza baada ya maziko kupita, kwa gharama za James Young, rafiki wa marehemu. Walikalishwa na Horace Waller aliyekuwa akihariri shajara za mwisho, na kwa wiki nyingi akawauliza, wakamjibu: ukuta uliovunjwa, nyuzi za shanga, pande la damu, mabua ya mtama. Daktari mwenyewe hakuandika lolote baada ya tarehe 27 Aprili 1873. Yote tunayoyajua ya siku zilizofuata, pamoja na kifo chake, yametoka vinywani mwao na mwa wenzao wachache. Na katika majibu yale wakapenyeza majina ambayo hakuna aliyewauliza. Kaniki, Bahati na Losi wamo kitabuni kwa sababu hiyo, watu waliokufa njiani wakiifuata maiti ya mwingine, sasa wamechapishwa katika kurasa zile zile na yeye.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikatengeneza medali za fedha, 60, kwa ajili ya watu wa msafara. Zilipofika Unguja wengi wao walikuwa wamekwenda bara na misafara mingine. Chuma aliongoza misafara ya wamisionari na ile ya Joseph Thomson ya mwaka 1879, akasifiwa kwa kuwarudisha watu wake salama, akafa Unguja mwaka 1882 akiwa bado kijana. Susi alikwenda na Stanley hadi mto Kongo, akawa mmoja wa walioanzisha kituo kilichokuja kuwa mji wa Kinshasa. Aliporudi Unguja alibatizwa mwaka 1886, akachagua kuitwa David, na alifariki mwaka 1891. Jacob alifia Urambo mwaka uliofuata. Mpundu wa Chitambo ulianza kuoza, ukakatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi ya Jacob kikapelekwa London. Matthew Wellington aliishi kuliko wote. Alikaa Mombasa, akifanya kazi za kawaida za serikali, hadi mwaka 1935.